Sumayya na Neno "Engaged"

Sumayya alikuwa opereta wa simu katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega. Kutwa nzima, kila laini iliposhikwa, aliwaambia wapigaji: "Engaged. Jaribu tena." Naye pia alikuwa engaged, yaani ameposwa. Mwaka 1991 baba yake, Mzee Osman wa Matungu, alipokea posa ya Yasin, mtoto wa rafiki yake. Yasin akaenda Jeddah kutafuta kazi. Miaka minne ikapita, harusi haikutajwa.

Sumayya aliishi chumba kimoja na Jael, mwalimu wa Kiingereza. Jioni moja alimwuliza, "Kwa nini hawa Waingereza walitumia neno moja kwa simu na kwa mchumba?"

"Hata choo kikiwa na mtu wanasemanga engaged," Jael akacheka. "Gia za gari zikishikana, ni hilo hilo. Majeshi yakikabiliana, hilo pia." Akafungua kamusi yake kubwa, akasoma kidogo. "Limetoka kwa Wafaransa wa kale. Kumbe mzizi wake ni rehani. Kitu unachoweka kwa mtu mpaka ahadi itimizwe."

"Na kitu chenyewe huulizwa?"

Jael alifunga kamusi.

Jumamosi iliyofuata Sumayya alikwenda Matungu. "Baba, naomba posa ya Yasin irudishwe. Nimemwuliza kadhi. Amesema posa ni ahadi tu, si ndoa."

"Sheria imekuruhusu," Mzee Osman alisema. "Mimi sijakuruhusu. Neno langu nililitoa mbele ya watu."

Alirudi mjini. Kazini, wanaume waliotaka kumzungumzisha walimwona kama nyumba yenye mwenyewe, wakapita. Nyumbani, mama alimkataza kwenda kusomea Nairobi: mchumba akija ghafla, je?

Kisha asubuhi moja simu ya Jeddah ikaingia kwenye swichibodi. Ilikuwa mara ya kwanza Yasin kumpigia. Kabla hawajamaliza salamu, Sumayya alisikia mtoto akiita, "Baba! Baba!"

"Huyo ni nani, Yasin?"

"Ni mwanangu. Nilioa huku. Lakini wewe bado ni wangu, dini inaruhusu. Ngoja tu."

"Ningoje nini?"

Laini ikakatika.

Mzee Osman alipoambiwa alisema mitala si haramu. Sumayya hakubishana. Alitembea hadi kwa mama yake Yasin, Bi Khadija, akamkuta akipepeta mahindi, akamweleza yote. Mama yule aliweka ungo chini. Habari za mjukuu hakuwa nazo.

"Na wewe umekaa hivi miaka yote hii?" Machozi yakamlengalenga. "Vaa viatu, mwanangu. Twende kwa baba yako."

Alisimama mlangoni mwa Mzee Osman, akakataa kiti. "Osman, tuliochukua neno lako ni sisi. Leo tunakurudishia. Mtoto huyu hana deni kwetu."

Mzee Osman aliitikia kwa kichwa tu. Posa ikavunjika siku hiyo, lakini tangu hapo hakumsemesha binti yake. Sumayya aliendelea kwenda Matungu kila alipopata nafasi, akipika obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwao. Baba alikula akashiba. Alipotaka chumvi, na chumvi iko mbele ya Sumayya, alimwambia mkewe, "Mwambie anipitishie."