Rogers Aliyegombewa Akiwa Maiti

Rogers alizaliwa ndani ya kosa ambalo si lake. Baba yake, Bonifasi, alikuwa Mluguru wa Mlali. Mama yake, Yustina, Mhehe wa Iringa. Walikutana kiwandani Morogoro, wakapendana, na hakuna aliyekumbuka kwamba Waluguru humhesabu mtoto kwa mama, Wahehe kwa baba. Kiwanda kikinguruma nani aulize? Mshahara ndio ulikuwa ukoo wao.

Kisha serikali ikauza kiwanda, wote wawili wakapunguzwa. Bonifasi akaihamishia familia Mlali, akalima shamba la kwao, na haukupita muda presha ikamuua. Matanga hayajaanuliwa, dada yake, Regina, akamwita Rogers.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Shamba hili ni la lukolo, la ukoo wetu. Warithi ni wanangu. Wewe ukoo wako uko kwa mama yako."

Rogers na mama yake wakaenda Iringa. Wajomba wakawapikia, wakawalaza, asubuhi wakasema mtoto ni wa upande wa baba. Walirudi Morogoro mjini na ndoo na godoro, nami, jirani yao wa zamani, nikawapa chumba cha uani kwangu, mtaa wa Chamwino. Hasira ile ninayo mpaka leo.

Rogers akaacha shule, akabeba mizigo sokoni na kutunga mistari. Redio za watu binafsi ndiyo kwanza zimeanza, na kurap watu wazima tulikuita uhuni. Lakini wimbo wake haukuwa na tusi hata moja. Aliuliza tu: nikifa, mtanizika kwa nani?

"Usijitabirie, mwanangu," mama yake alimsihi.

"Sijitabirii, maza. Nawauliza. Mbona hawajibu?"

Wimbo ukapigwa kila kibanda cha chipsi, na mpaka leo vijana wa stendi ya Msamvu wanaujua mwanzo hadi mwisho.

Gari lililokuwa likimrudisha kutoka shoo Dodoma likapinduka karibu na Dumila, akafa. Siku ya pili uani kwangu hapakanyagiki. Regina analia mpaka khanga inamdondoka, eti damu ya kaka yake lazima ilale Mlali. Wajomba nao wameshuka kutoka Iringa, wanataka maiti yao. Waandishi walikuwepo, ndiyo maana kila mtu alipaza sauti. Nilitamani kuwamwagia maji ya vyombo.

Yustina akatoka ndani, macho makavu.

"Wifi, ulimwambia hana ukoo kwako. Na nyie kaka zangu mkanirudisha naye. Mwanangu atalala Kola."

Kola ni makaburi ya mjini, ya yeyote. Padri alipowaita wanaukoo waweke udongo, pande zote mbili zikasogea. Yustina akawapita, akatupa udongo wake, kisha akanikabidhi koleo mimi, ambaye sina nao udugu hata wa kusingizia. Nikafukia huku nalia kwa uchungu, na ndugu wa Rogers wakasimama wakinitazama.