Mashine Isiyotaka Kutikiswa

Fundi mstaafu wa simu za mezani, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia ili kumfurahisha, alileta nyumbani mashine kuukuu ya pinboli siku ileile mkewe alipomtuma meza ya kulia chakula. Ina miguu minne, alijitetea.

Ilitoka kwenye hoteli iliyofungwa: sanduku refu lenye kioo juu, ambamo gololi ya chuma huteremka na mchezaji huirudisha juu kwa vibapa viwili. Hii haikuteremsha wala kurudisha chochote. Panya walikuwa wamezalia humo.

Injinia aliifufua kwa bajeti ndogo, maana yake kila kitu ndani ya nyumba kilikuwa hatarini. Raba za pembeni alizikata kwenye tyubu ya baiskeli. Gololi aliichomoa kwenye beringi ya lori. Waya wa koili ulitoka kwenye feni, ambayo, alieleza, haikuwa na kazi ya maana zaidi ya kupuliza upepo.

Mkewe, mshonaji, alivumilia miezi saba akishona nyuma ya ukuta wa mbao. Kisha akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje Jumamosi.

"Ikifanya kazi kabla hajafika, inabaki," alisema. "Isipofanya, inaondoka. Ukipenda, isindikize."

Alhamisi mashine iliwaka. Taa, kengele, kila kitu. Gololi ikagonga mara tatu, kisha giza. Akaanza upya. Giza. Alikagua swichi moja moja, kama alivyofanya miaka thelathini kwenye mitambo ya simu, ambako pia hakuna aliyemshukuru. Mwishowe akaitazama timazi, kile chuma kidogo kinachoning'inia ndani ya pete. Mchezaji akiitikisa mashine ili kuipendelea gololi yake, timazi hugusa pete na mchezo hukatika. Sasa ilikuwa ikigusa kila mara cherehani ya mkewe ilipounguruma na kutetemesha sakafu ya mbao.

"Mama, huwezi kuacha kushona kidogo?"

"Kidogo mpaka lini?"

"Ninapocheza."

Sare arobaini na mbili za shule zilikuwa zikisubiri kushonwa. Mkewe akaja kuchungulia.

"Hicho kidude ndicho kinachonichongea? Si ukifunge!"

"Nikikifunga, mtu ataitikisa apendavyo na mashine haitajua."

"Kwani itaumia?"

"Ni udanganyifu."

"Baba, nimekaa nawe miaka thelathini na moja. Unadhani nimewezaje?"

Ijumaa nzima Injinia aliizunguka mashine kwa heshima zake zote. Jumamosi mnunuzi akabisha hodi, kamba begani. Cherehani ilikuwa ikiunguruma. Injinia akaomba dakika mbili, akaifunga timazi kwa uzi, taratibu, kama mtu anayemfumba marehemu macho.

Ikawaka, na haikuzimika. Mnunuzi, kwa kuwa nauli ilikwishamtoka, akaomba kujaribu. Gololi ilipoelekea shimoni aliikumbatia mashine na kuitingisha; gololi ikaokoka, namba zikapanda.

"Mzee, kumbe mimi mkali!"

"Sana," alisema Injinia, akitazama dirishani.

Mkewe alitokea mlangoni, tepu shingoni. "Hebu nipishe."

Aliisukuma kwa nyonga, ikahama shubiri nzima. Akacheka kicheko ambacho Injinia hakuwa amekisikia miaka mingi, akaisukuma tena, kwa nguvu zaidi.

Injinia akazunguka upande wa pili, akaishika isianguke.