Wakesho na Mchumba wa Kwenye Kidude

Wakesho hushona sare za shule sokoni Voi, na mimi huuza nyanya mkabala naye, kwa hivyo mambo yake nayajua kuliko anavyotaka. Ana miaka arobaini na moja. Mwaka huu alipenda kijana anayeishi ndani ya kidude cha kushika mkononi.

Kidude alipewa na Musyimi, fundi simu wa kibanda cha jirani. Mteja alikileta kutengenezwa, asirudi tena. Ni gemu: unachagua mchumba, unacheza naye dansi kwa kubonyeza vitufe, na ukizipatia hatua, moyo mwekundu unawaka juu ya kichwa chake. Mioyo ikifika kumi, anakuomba uwe wake.

Mchana joto likizidi na wateja wakiadimika, Wakesho aliegemea cherehani, na soko lote likamtoka. Alikuwa kwenye ukumbi wa taa za samawati, amevaa gauni ambalo hajawahi kumshonea mtu. Nikimwita, aliitika baadaye sana, macho bado yako huko.

Ila hatua zilimshinda. "Umechelewa!" kidude kilimwandikia kila mara. Kwao Mbololo, ngoma ya mwazindika huita kwanza, ndipo mabega yajibu. Marehemu baba yake, mzee wa kanisa, aliiita ngoma ya mapepo, kwa hivyo binti alikulia dirishani, akiijibu kwa kidole kwenye mbao. Hakuwahi kucheza hata siku moja. Jambo hilo liliniuma.

Jioni alikiacha kidude kwa Musyimi kichajiwe, kikiwa na mioyo mitatu. Asubuhi alikuta mitano.

"Amenikumbuka," aliniambia, akiona haya.

"Mtu mzima ovyo!" nikamtania, lakini nilimwonea wivu.

Mwezi huo binamu yake Valentine alikuwa anaolewa huko Mbololo, na mwazindika ingepigwa. Nilimuuliza Wakesho kama sasa atacheza.

"Nitashika sahani, kama kawaida," alisema, na akarudi kwenye taa zake za samawati.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, alifika mapema kuliko kawaida. Musyimi alikuwa amekiinamia kidude, ulimi nje, akibonyeza kwa bidii zote. Mioyo ilikuwa tisa.

"Kumbe ni wewe?"

"Niliona unachelewa," Musyimi alisema, jasho likimtoka. "Sikutaka huyu kijana akuache."

Nilimwona ameumia kidogo, na amefurahi zaidi ya kuumia. Alikichukua kidude, akakizima, akakiweka kwenye droo ya cherehani.

"Kesho kuna harusi kwetu," alisema. "Twende."

Nami nilienda, ningekosaje? Ngoma zilipotolewa uani, Wakesho alikuwa amebeba sahani mpaka kidevuni. Musyimi, Mkamba wa watu asiyejua mambo ya huko, aliruka katikati kabla mpigaji hajaanza, akasimama pale peke yake, wanawake wakimcheka. Akamtazama Wakesho.

Wakesho alinitwika sahani zote. Aliingia uwanjani, akamshika Musyimi kiwiko.

"Ngoja," alimwambia. "Haijatuita."

Wakangoja. Ngoma ikaita, na mabega ya Wakesho yakajibu. Nilikuwa nimebeba sahani, siwezi hata kujipangusa machozi. Miaka arobaini na moja, na hakuna aliyemwambia amechelewa.