Gazeti la Bure Lililomrudisha Mdogo Wake Bibi

Juzi nilikuwa napita Kariakoo, dada mmoja akaninyooshea kipeperushi cha duka la simu. Nikakipokea kabla hata sijamtazama usoni. Mkono ulikumbuka kabla yangu. Ndivyo tulivyokuwa tukipokea gazeti utotoni mwangu, kila asubuhi, kwenye kona ileile, bure.

Lilipoanza, watu walilikwepa. Bibi yangu, aliyekuwa akipika vitumbua barazani, alisema cha bure lazima kina mwenyewe. Wiki mbili hazijaisha, akawa anafungia vitumbua humo. Kisha akaanza kuniambia, "Kabla hujafunga, nisomee kwanza." Yeye hakujua kusoma. Nilikuwa darasa la nne, nikawa nasoma kwa sauti huku harufu ya hiliki ikinipanda puani, na wateja wakisahau haraka zao. Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa akisimamisha mashine ili asipitwe na neno. Tulipenda zaidi ukurasa wa matangazo ya wasomaji: huyu kapoteza cheti, yule anamtafuta ndugu.

Asubuhi moja nilipomaliza ukurasa huo, bibi akasema, "Na mimi niandikie."

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, walikuja Dar pamoja kutoka Lindi. Waligombana, mdogo akaondoka kwa hasira. Baadaye nyumba waliyopanga ikavunjwa, ikajengwa ghorofa, bibi akahamia mtaa wa pili. Tangu hapo alikuwa akimwombea kila Ijumaa, asijue amwombee kama hai au kama maiti. Nikaandika tangazo, fundi akalipeleka ofisi ya gazeti.

Siku ya tatu baada ya tangazo kutoka tukasikia hodi. Mzee mwembamba, barakashia mkononi. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alikuwa anamtazama bibi.

"Dada, kumbe upo?"

"Nipo. Hasira zimeisha?"

Akacheka, huku machozi yanamtoka. Miaka yote alikuwa Buguruni tu, humuhumu Dar. Alisharudi kuomba radhi, akakuta ghorofa, watu hawajui bibi alikohamia. Naye hakujua kusoma. Kinyozi wake ndiye aliyemsomea tangazo, na kinyozi huyo asingenunua gazeti maishani; hili alilipata bure. Siku hiyo vitumbua viliungua, bibi wala hakugeuka.

Gazeti lenyewe halikudumu. Kurasa zilipungua, matangazo ya maduka yakakauka, mpaka asubuhi moja kona ikawa tupu. Tulisubiri siku kadhaa, kisha bibi akaanza kufungia vitumbua kwenye madaftari yangu ya zamani. Siku hizi kila mtu anasoma kwenye simu yake, kimya, na ile baraza nayo haipo tena.

Lakini sisikitiki sana. Tangazo letu lilitoka miezi miwili tu kabla gazeti halijafa. Nikiwaza kwamba lingekufa mapema kidogo, moyo hushtuka, kisha hutulia. Wale ndugu wawili walipata miaka sita ya kukaa pamoja na kubishana nani alianza ule ugomvi. Na bibi alipofariki, mdogo wake ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.