Bata Aliyenaswa Bwawani

Leo sokoni nimenusa wavu uliolowa tope, nikarudi kimawazo bwawani kwetu, nyuma ya mikorosho. Asubuhi moja, nikiwa mtoto, baba alivuta wavu wake wa perege, tukamkuta bata mzamiaji, mmoja wa wale weusi wenye ubavu mweupe waliokuja kila mwaka kutoka mbali. Bawa lilikuwa limevunjika. Nikamfuga ndani ya tenga, nikimlisha pumba.

“Baba, atapona?”

“Inshallah, mwanangu.”

Mvua za masika zilipokaribia, wenzake wote wakaruka wakaenda zao. Yeye akawa anajigonga tengani mpaka akatoka damu. Baba akambeba, akamwachia majini. Akazama papo hapo. Tukasubiri aibuke. Maji yakatulia kabisa, nami nikaendelea kuyatazama hata baba aliponiambia, “Twende, mwanangu. Mama yako anatungoja.”