Madirisha Mapya ya Bi Leung

Kuluthumu binti Khatib hakuwa mtu wa kuambiwa neno la uzazi akalikubali. Kushindwa bei na mwenye duka wa soko la Zhanqian angekubali. Hata kosa la mzigo angelikubali, baada ya kununa siku mbili tatu. Lakini mzazi na kichanga chake? Hapo usimsogelee. Wanawake wa kwetu waliojifungua Guangzhou, wa Unguja na wa Dar, hata Loyce yule Mlutheri aliyekuja kusoma chuo kikuu, wote walipita mikononi mwake. Aliwakanda kwa maji ya moto, akawafunga mkaja tumboni, akawanywesha uji wa pilipili manga mpaka machozi yakawatoka, kisha akawaotesha moto wa mkaa, kama mama yake alivyomuotesha yeye kwao Mkunazini.

Kazi yake ya kumpatia riziki ilikuwa nyingine. Alikuwa wakala wa nguo. Wateja wa nyumbani humtumia picha kwa simu, naye huzisaka hizo gauni katika masoko ya Shahe na Zhanqian, akivutana na malaobani, yaani wenye maduka, mpaka mmoja wao achoke. Nawe ujue mapema kwamba si yeye aliyekuwa akichoka. Kichina chake chote kilikuwa cha sokoni: ghali, punguza, sitaki, kesho. Kilimtosha miaka yote hiyo, na hakuona haja ya kingine.

Alipanga vyumba viwili kwa Bi Leung, mjane aliyekaribia miaka themanini, katika jengo kuukuu, fupi kuliko ghorofa zote za mtaa. Bi Leung mwenyewe alikaa chumba cha mbele. Walipendana, wale wawili, kwa namna ya watu wasioelewana lugha: huyu akipika hugonga mlango wa mwenzake na bakuli, na yule naye halirudishi bakuli tupu. Kilichowagombanisha ni kimoja tu, nacho ni dirisha. Bi Leung, kama wazee wengi wa mji ule, aliamini kwamba nyumba isiyopitisha hewa ni nyumba ya maradhi, basi hata baridi ikiuma vipi, asubuhi na jioni atafungua. Kuluthumu humfuata nyuma akifunga. Mmoja anafungua, mwenzake anafunga, na wote wawili wananung'unika, kila mmoja kwa lugha yake.

Na baridi ya Guangzhou, jamani, asikudanganye mtu. Hakuna theluji, kwa hiyo watu wa nyumbani hudhani hakuna baridi. Ipo, na ni ya unyevu, inapenya godoro na kukaa mifupani. Huko kaskazini ya China nyumba zinapashwa joto kwa mabomba. Kusini kila mtu na koti lake, ndani kama nje. Madirisha ya Bi Leung yalikuwa ya chuma kilicholiwa na kutu, upepo unaingia hapa unatokea pale.

Mwaka huo ofisi ya mtaa ikatangaza ruzuku ya serikali kwa wazee wanaoishi katika majengo makuukuu. Watabadilishiwa madirisha, wawekewe ya vioo viwili yenye mipira ya kuziba upepo, kuta za upande wa baridi zivishwe tabaka la kuhifadhi joto kabla ya kupigwa rangi, na kila mzee atafungiwa kiyoyozi cha kutoa joto katika chumba anacholala. Bi Leung hakutaka. Alisema madirisha yake ni mazima. Kuluthumu ndiye aliyemsukuma, kwa ishara na kwa kutia chumvi, mpaka bibi wa watu akakubali kutia dole gumba kwenye karatasi zao.

Msiniulize kama alifanya hivyo kwa ajili ya bibi peke yake. Alikuwa na lake moyoni. Lulu, binti wa mdogo wake Mwanahija, alikuwa mjamzito, mwanafunzi wa uhandisi aliyeolewa na Abubakary wa kampuni ya mizigo. Mwanahija alinyimwa viza, akalia kwenye simu mpaka sauti ikakauka. Kuluthumu akamwambia: "Usilie. Mwanao nitamlea arobaini yake kama ningekuwa wewe. Nitakurudishia yeye na mtoto wake wazima." Ahadi ya dada kwa mdogo wake, tena juu ya tumbo la kwanza. Kubwa kuliko hiyo ipo?

Mafundi walikuja wiki ya mwisho kabla ya mwaka mpya wa Kichina. Wakang'oa yale ya kutu, wakaweka madirisha meupe, mazito, ukiyafunga mtaa mzima unanyamaza. Kiyoyozi wakasema kitakuja baada ya sikukuu, maana wote walikuwa na tiketi za treni za kwenda kwao, na mji ule ukifunga kwa sikukuu umefunga, hata msumari hupati.

Lulu akajifungua siku hizo hizo, mtoto wa kike, akaletwa kwa mama yake mkubwa. Na baridi ikashuka.

Kuluthumu hakubabaika. Moto wa umeme aliudharau, alisema unakausha koo na hauingii mwilini. Akaenda kwa Mwislamu mmoja muuza mishikaki, akapata mkaa mzuri, akatoa jiko lake dogo la udongo. Chumba kile kile, jiko lile lile, amewaotesha wazazi wangapi humo, na hakuna aliyewahi hata kukohoa. Tena sasa kuna madirisha ya serikali, joto halipotei. Alijisifu kidogo, tusimlaumu.

Bi Leung, aliyezoea kusimama mlangoni kutazama Lulu akikandwa, alipoliona jiko limewaka, uso ulimbadilika. Akaenda dirishani akafungua. Kuluthumu akafunga. Bibi akafungua tena, akawa anasema maneno mengi ya Kikanton, anaonyesha mkaa, anaonyesha kitanda, anajishika kifua. Lulu alijua Kimandarini cha darasani, Kikanton kilimpita. Alikisia kwamba bibi anachukia moshi. Kuluthumu akajibu kwamba moshi uko wapi, mkaa umeshika vizuri, mwekundu, hauna hata harufu. Akamshika mkono bibi wa watu, kwa heshima lakini kwa nguvu, akamtoa nje, akafunga na mlango.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi tunaimba methali hiyo tangu shule ya msingi. Shida ni kwamba kila mmoja wetu hujiona yeye ndiye mkuu.

Siku ya tatu ya baridi, alasiri, Kuluthumu alimkanda Lulu, akamfunga mkaja, akamlaza na mtoto kifuani, akasogeza jiko karibu na kitanda. Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu asubuhi, akasema ni uchovu. Akaingia jikoni kukoroga uji. Hakuchukua muda mrefu. Aliposikia kishindo alidhani kitu kimeanguka mtaani.

Alimkuta Bi Leung chumbani. Madirisha yote mawili wazi, upepo wa barafu unaingia, na yule bikizee anaburura jiko la moto kwa ncha ya kanga kulipeleka barazani. Kuluthumu akapandwa na hasira zake zote. Alimpita bibi, akalikamata dirisha alifunge, mzazi yuko uchi wa mgongo na upepo ule, hivi huyu ana akili kweli? Bi Leung akamsukuma. Mwanamke mfupi asiyefika begani kwake, alimsukuma hata akaegemea ukuta. Kisha akamnyooshea kidole kitandani.

Lulu hakuwa ameamka, pamoja na kelele zote hizo. Kuluthumu akamwita, akamtikisa. Lulu akafumbua jicho moja, akalifumba. Mtoto alikuwa amelegea, mkono ukinyanyuliwa unaanguka wenyewe.

Kuluthumu alijua kukanda, alijua kufunga tumbo, alijua dua ya kila hatua ya uzazi, na hapo hakujua hata kimoja. Bi Leung ndiye aliyemchukua mtoto, akaenda naye dirishani kabisa, akamtoa kichwa kwenye shali, akawa anamsugua nyayo kwa kidole gumba, anasugua, anasema naye. Kuluthumu alimburura Lulu mpaka kwenye upepo ule ule alioukimbia miaka yote, akamkalisha, akamshika paji la uso huku Lulu akitapika. Na moyoni anasema, Yarabi, nichukue mimi, mimi ndiye niliyefunga.

Mtoto akalia. Kwanza kama mlango unaokwaruza, kisha kweli kweli, kilio cha mwenye njaa na mwenye hasira. Bi Leung akaanza kulia naye.

Hospitali waliwapa hewa safi kwa mipira, mama na mwana, wakawalaza. Daktari alimweleza Abubakary, na Abubakary, kijana wa adabu, akamweleza mkwewe taratibu bila kumtazama usoni: mkaa una sumu isiyonuka. Madirisha ya zamani yalikuwa yakiitoa yenyewe. Haya mapya yameziba, na ndiyo kazi yake. Wamewahiwa, wote watapona.

Bi Leung alikuwa amekaa benchi lile lile, kiganja kimefungwa bendeji kwa kuungua na jiko. Muuguzi mmoja aliyejua Kikanton akawa anatafsiri kwa Abubakary, naye kwa Kuluthumu, maneno yakafika yamepoa lakini yakafika. Ujanani Bi Leung alishona kiwandani, wakilala bwenini. Baridi moja waliwasha makaa na kuziba nyufa kwa magazeti, na rafiki zake wawili hawakuamka. Tangu hapo hafungi dirisha. Mwenyewe alizaa mwanawe mmoja wakati wa kazi nyingi, akarudi kwenye cherehani kabla damu haijakauka. Kwao nako mzazi huwekwa mwezi mzima ndani, apate joto, asiguswe na upepo wala maji baridi. Yeye hakuwekwa. Wanaamini anayeukosa mwezi huo upepo humwingia kwenye viungo usitoke tena, na kweli, magoti yake hayajapata joto tangu siku zile. Ndiyo maana alipenda kusimama mlangoni akitazama Lulu anavyokandwa.

Jioni hiyo Kuluthumu alimpigia simu mdogo wake. Angeweza kuficha, wala hakuna ambaye angemlaumu. Alisema yote, na mwisho akasema: "Mwanahija, nilikuahidi, na nusura nikuulie wote wawili."

Mwanahija akauliza, "Dada, mtoto analia?"

"Analia."

"Niwekee simu karibu nimsikie."

Sikukuu zilipokwisha mafundi walirudi na kiyoyozi. Sharti lilikuwa lile lile, kifungwe chumba anacholala mzee. Kikafungwa kwa Bi Leung, naye siku hiyo hiyo akaanza kusukuma kitanda cha Lulu kukiingiza chumbani kwake, hakuuliza mtu. Arobaini ikahamia huko. Bibi wa watu alimpikia Lulu mayai katika siki tamu na tangawizi, chakula cha wazazi wa kwao, ila bila miguu ya nguruwe inayotiwa humo, tena katika chungu kipya alichokinunua kwa ajili hiyo ili wasile kwa wasiwasi. Mkaguzi wa ofisi ya mtaa alipopita, akakuta joto linatoka na dirisha limeachwa wazi upana wa kiganja, akalalamika kwamba serikali inapashia joto barabara, akanyoosha mkono alifunge. Kuluthumu akasimama mbele yake. "Bu yao," akamwambia, sitaki, neno lake la sokoni, kwa sauti ile ile inayowachosha malaobani. Mkaguzi akaondoka.

Baada ya hapo Kuluthumu alichemsha maji. Lulu akavua shali, akidhani ni zamu yake. Kuluthumu akampita, akamwendea Bi Leung aliyekaa kwenye kiti chake, akapiga magoti, akampandisha suruali taratibu. Magoti yalikuwa makavu, baridi kweli. Akachovya kitambaa, akakamua, akakandamiza, akashuka kwenye miundi, akapanda tena, kama anavyofanywa mzazi aliyejifungua jana. Alimfuta, akampaka mafuta ya nazi, akamfunga mkaja wake mwenyewe juu ya sweta. Bibi alikuwa amefumba macho. Machozi yalimteremka na hakuyafuta.

Baadaye alisema kitu, kwa Kimandarini cha kubahatisha alichojifunza kwa Lulu siku zile za chumba kimoja.

"Anauliza kama ndiyo umemaliza," Lulu akasema.

Kuluthumu alikuwa akikusanya vitambaa. Hakugeuka, maana na yeye uso wake haukuwa wa kutazamwa.

"Mwambie mzazi hakandwi siku moja."