Nilivyoifanya Akala Kuwa Baba wa Viatu

Marafiki, leo nimeua kompyuta bila kushika nyundo.

Mnanijua. Ni mimi niliyewashonea majenerali wa nchi tatu akala, ndala za tairi na ngozi, pale sokoni Kariokor.

Sasa mpwa wangu Akinyi, anayeandika programu kwenye ofisi moja Eastleigh, alikuwa akipanga bidhaa zangu kwa XML, lugha ya kupangia data kwenye kompyuta, nami nimeketi kando yake. Kila kundi linataja baba yake. Akala iko chini ya Viatu, Viatu chini ya Ngozi. Programu inapanda kutoka kwa mtoto hadi kwa baba, mpaka juu kabisa.

Akatoka kupokea simu.

Nikaona dharau. Viatu vizae akala? Nikabadilisha: baba wa Viatu ni Akala.

Akarudi, akaendesha programu.

Akala. Viatu. Akala. Viatu. Kioo kikajaa, hakuna kusimama.

“Ankal, umegusa nini?”

“Nimerekebisha ukoo.”

“Ankal! Sasa hakuna wa juu. Itapanda milele!”

Mashine ikaganda. Akachomoa waya. Tangu hapo haijawaka, na kazi yake yote imo humo.

Naandika kwenye mashine ya meza ya pili. Bosi wake yuko njiani. Akinyi anatazama mlango tu.

Nijibuni upesi: niseme ni mimi, au niseme ni stima, umeme ulikatika?